Kupima Macho ya Wanaotaka Kurusha Ndege

Siku yangu ya kwanza kazini, hapa Butembo, sikupewa mgonjwa. Daktari mkuu wa huduma ya macho alinikalisha karibu na dirisha, akafungua kitabu cha madoa ya rangi, akanipima mimi. Alisema mwenye kupima macho ya wengine aanze kuyajua yake. Nilipomaliza bila kosa, alinipa blouse nyeupe, koti la hospitali, na kazi ikaanza.

Ninyi mnaoanza leo, mukielewe kitabu kile. Kila ukurasa una duara la madoa madogo, na ndani yake kuna namba ya rangi nyingine. Mwenye macho kamili anaiona mara moja. Yule tunayemwita daltonien, asiyetofautisha nyekundu na kijani, anaona madoa matupu. Si kipofu. Anasoma Biblia yake, anaendesha pikipiki, anaweza kuzeeka bila kujua. Kitabu kinafunguliwa kwenye mwanga wa mchana, na anayepimwa hapewi nafasi ya kubahatisha.

Baadaye nilihamishiwa Beni, kwenye joto. Huko kambi ilituletea vijana waliotaka kuingia aviation ya jeshi, warushe ndege, na mkubwa wangu akawa médecin-major, daktari wa jeshi, mtu wa maneno machache. Tangu wiki ya kwanza alinionya kwamba rubani anayekosea rangi hafi peke yake.

Kisha akaja Muhindo, mtoto wa yaya Masika, dada yangu mkubwa, kutoka Bungulu. Tangu utoto alikuwa akisimama uwanjani kwao, shingo juu, kila helikopta ilipopita. Mitihani mingine yote alikuwa ameishinda, na kanisa letu lilikuwa limefunga na kumwombea. Nilimwambia major kwamba huyo ni damu yangu, atafute mwingine wa kumpima. Hakukuwa na mwingine. Alisema yeye mwenyewe atakaa kando yetu.

Muhindo alisoma kurasa za mwanzo kama maji yanavyotelemka. Major alianza kutabasamu. Mimi nilimtazama macho. Mtu anayeona hutazama kwanza, halafu husema. Muhindo alikuwa anasema kabla macho hayajatulia. Nilikifunga kitabu, nikakifungua katikati. Akainama karibu na ukurasa. Nikafungua pengine. Jasho likamtoka kwenye paji la uso.

"Mama mudogo," akasema polepole, "tuanze tena ku mwanzo."

Hapo nilijua. Alikuwa amekipata kitabu cha namna hiyo mahali fulani, akakikariri ukurasa kwa ukurasa.

Major aliniita dirishani. Kupitia mlango uliokuwa wazi nilimwona yaya amekaa kwenye banc ya koridoo, amevaa kitenge chake cha Jumapili, midomo inatembea katika maombi.

"Madame, huyu ni mutoto wa dada yako," major akasema. "Macho ni kazi yako. Ukiniambia anaona, ninasinia karatasi yake, anaingia."

Sijui kama alikuwa ananihurumia ao ananipima. Nilimwomba tumpeleke kijana kwenye uwanja wa ndege, taa ya munara wa kuongoza ndege imuulize badala yangu. Taa hiyo ndiyo ulimi wa mwisho. Redio ya ndege ikikufa, munara unamwangazia rubani: kijani, shuka; nyekundu, usishuke.

Tulisimama mbali, kwenye majani kando ya piste, yaani njia ya ndege. Juu yake wanajeshi walikuwa wanapakua mifuko kutoka ndege ya mizigo. Major alimwambia Muhindo atazame munara tu. Taa ikawaka, nyekundu kama pilipili.

"Rangi gani?"

Muhindo alikunja macho. "Vert. Kijani."

"Donc, uko juu mu ndege, redio imekufa. Utafanya nini?"

"Nitashuka, mon major."

Major aligeuka akawatazama wale wanaume na mifuko yao mabegani. Muhindo naye akageuka, akafuata macho ya major, na nikaona uso wake ukielewa.

Tangu siku hiyo yaya Masika hakunisalimu tena. Kanisani alihama banc tuliyokuwa tunakaa pamoja. Alituma neno kwamba ningeweza kusema "anaona" na Mungu angeshika ndege. Nilimjibu kwa mtu huyohuyo amkumbushe habari ya baba yetu kule Vuhovi, aliyechuma kahawa mbichi pamoja na mbivu kwa kutotofautisha rangi, na mama akichambua nyuma yake. Ugonjwa huo hupita kwa binti bila kumgusa, kisha humfikia mwanawe. Hakuna aliyemkosea Muhindo.

Muhindo alikaa nyumbani muda mrefu bila kutazama juu. Kisha jeshi likamchukua kwenye météo, huduma ya hali ya hewa. Leo yeye ndiye anayesoma upepo na mawingu, na marubani hawaruki kabla hajasema. Anafurahi? Siku moja nilimuuliza. Alisema anazoea.

Sasa nimepumzika kazi, nimerudi Butembo kwenye baridi yetu. Watu huniuliza kama kazi hii ilinipa amani. Ilinipa mkate, na ilininyima dada kwa miaka.

Juzi mlango uligongwa. Alikuwa yaya Masika, amezeeka, ameshika mkono wa mjukuu wake, mtoto wa kiume wa binti yake. Hakuuliza habari zangu. Alimsukuma mtoto mbele kidogo.

"Umupime macho," akasema, "kabla hajapenda kitu."