Mwanaheri na Magazeti Hamsini na Manane

Mama Faidha, muuza dagaa wa soko la Masasi, anasimulia kwamba jirani yake alimkosoa Mwitaliano juu ya gazeti la kwao Italia, mpaka mzungu akavua kofia. "Na ni darasa la saba yule," anasema. "Kama si jini, ni nini?"

Saa moja asubuhi, jirani huyo, Mwanaheri Khalfan, anafungua robota la mitumba. Kabla ya kukung'uta nguo, anapekua viatu. Mara mojamoja hukuta kiatu kimefungwa kwa gazeti la katuni la watoto wa Italia. Tangu biashara hii iruhusiwe, ametunza hamsini na manane, yote ya jina moja.

"Nipe nifungie dagaa," Mama Faidha humtania. "Waitaliano hawatakudai."

"Dagaa wako wana maneno mengi tayari."

Kiitaliano hajui hata neno. Yeye husoma mwaka kwenye jalada, kisha hutazama picha. "Ya zamani yana mashairi chini ya picha," anaeleza. "Kuna mtu pembeni anawasemea waliochorwa. Baadaye maneno yanawatoka wenyewe mdomoni, kama povu."

Kwa jicho hilo ameyapanga yote, ya kale mbele, hata yaliyopoteza majalada. Mwaka jana alimwomba Mwalimu Gervas, mkuu wa shule ya msingi ya jirani, kabati moja lililokaa bure, watoto wayaone. Akajibiwa: "Usichoweza kukisoma utakifundishaje?"

Mwezi uliopita, Mwitaliano fundi wa mabomba huko Newala alikuja kutafuta koti. Alipoyaona magazeti akacheka, akachomoa moja lisilo jalada, akaliweka mbele ya yote. Hili, alisema, la enzi za babu yake.

Mwanaheri akalirudisha nyuma. "Hapana, baba. Hawa wanajisemea."

Mzungu akasogeza macho kwenye maandishi madogo ya ukurasa wa mwisho. Akausoma mwaka kwa sauti. Lilikuwa limechapwa yeye mwenyewe akiwa shuleni. Kofia ikavuliwa kweli. Mwalimu Gervas alikuwepo, shati alilokuwa akijaribu limemkwama shingoni.

Leo mwalimu amerudi. Shati hagusi, amechuchumaa kwenye magazeti.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, mwanangu."

"Nataka watoto wayapange kwa macho yao," Mwanaheri anamwambia. "Halafu wachore ya kwetu, watu wa huku wakijisemea. Mwalimu, naomba lile kabati."

Mwalimu Gervas anafunua ukurasa mwingine, mkono wa pili ukitafuta ufunguo wa kabati mfukoni.