Jino Juu ya Bati

Kwetu mtoto aking'olewa jino, hulirusha juu ya paa ili apewe jipya. Ndugu zangu wawili hawakurusha. Kila mmoja aling'olewa, damu ikagoma kusimama, tukamzika na jino lake. Wazee wakasema ni laana ya upande wa mama. Hata baada ya kusomea ukatekista huko uhamishoni Uganda, mvulana wa kwetu akilegea jino nilianza kufunga na kuomba.

Amani ilipotiwa saini tulirudi Juba, tukajenga nyumba mtaani Nyakuron. Hapo ndipo gego la mjukuu wangu wa kiume, mtoto wa binti yangu, lilipooza, shavu likavimba. Naye alikuwa mtu wa kuvuja damu tangu akitambaa. Daktari Mkenya wa mtaa wa Hai Amarat akatuma damu yake Nairobi, majibu yakaja.

"Mama, hakuna laana hapa. Damu ina protini zinazoshikana mikono kufunga kidonda. Huyu amekosa moja. Hupitia kwa akina mama, lakini huwaumiza zaidi wavulana."

"Hiyo moja inapatikana?"

"Inapatikana. Ila italetwa na ndege, na inataka baridi."

Tulingoja kwa maombi hadi ikafika ndani ya barafu. Umeme wetu tuliujua kwa kukatika, basi mpishi wa hoteli jirani, yenye jenereta, akaipa nafasi kwenye friji yake.

"Inakaa karibu na maziwa, mama. Nisije nikaipikia chai!"

"Ukiipika, utang'olewa wewe."

Siku yenyewe ile dawa, unga mweupe, ilichanganywa na maji yake, ikaingizwa mshipani. Gego likatoka. Daktari akakandamiza pamba. Mimi nilikuwa nimekuja na shuka kuukuu la kupokelea damu, kama mama yangu alivyofanya mara mbili. Pamba ilipoondolewa, palikuwa na donge dogo jekundu, limetulia. Shuka lilibaki kavu mapajani mwangu. Bwana asifiwe!

Daktari alimrudishia dawa mpaka kidonda kikafunga, ndipo akaturuhusu. Kufika nyumbani mtoto hakuomba chakula.

"Haboba," akaniita, ndivyo Juba wanavyomwita bibi, "jino langu uko nalo?"

Nikalifungua kutoka pindo la kitambaa changu. Alilirusha kwa nguvu zote. Likagonga bati, likabingirika, likanasa huko juu. Binti yangu akapiga kigelegele, majirani wakaitikia bila kujua sababu.

Liko hapo hadi leo. Mvua ikiligonga bati hilo, nalikumbuka, namshukuru Mungu kwa sauti.