Nimeitisha mumi mbele ya Msabato

Niko hapo nanyooshea kidole mumi kubwa, ile samaki ya ndevu, kwa kabati ya glasi, na Akinyi, msichana wangu, anatingisha kichwa.

Tangu asubuhi tuko hapa mahali ya bembea, Homa Bay. Yeye amepanda zote, mimi nimeshika tu kibeti yake. Njaa ikaingia. Akasema, "Chacha, leo wewe ndio unachagua tutakula wapi."

Mnanijua. Mimi hata soda sijuangi kuchagua.

Nikampeleka kibanda yenye watu wengi. Nikaitisha mumi juu ndio ilikuwa kubwa.

"Hiyo haina magamba," akaniambia pole pole. "Sisi Wasabato hatukulangi."

Mama wa kibanda akacheka. "Kijana, kwani umetoka wapi?"

Masikio ikawa moto. Nikasema tu ukweli. "Kegonga. Kwetu tunajua ng'ombe. Samaki mimi naona zote ni ndugu."

Aki Akinyi alicheka mpaka akashika meza!

Halafu akapiga simu, Dholuo mingi. Mimi nasikia tu "Chacha" na "ngege". Nikaangalia uso yake, haikuwa mbaya.

Akakata. "Mama anasema tukuje tukule nyumbani. Anapika ngege, hiyo iko na magamba. Atakuonyesha vile mifupa inatolewa."

Nyumbani, jameni. Kwa mama!

Mwenye anajua aniambie haraka: nabeba sukari ama mkate?

Wacha niende. Akinyi ameshasimamisha piki, na mama yake anangoja asikie tumefika ndio asonge ugali.