Ukurasa wa Tatu wa Wasia wa Babu Mzungu

Mwenye ukurasa, ficha jina langu na chochote cha kunitambulisha, maana Watanzania wa Minnesota tunajuana hadi namba za magari. Wasomaji, poleni na majukumu. Nina miaka arobaini na mbili, naishi Minneapolis mtaa wa Phillips, nina mume, watoto wawili na nyumba mbili za kulelea wazee. Nilianza kwa kukunja mashuka ya hospitali. Sikubebwa na mtu.

Babu yangu mzaa baba alikuwa mlowezi wa Kizungu, alilima kahawa Arusha enzi za mkoloni. Hakuoa. Alizaa na wanawake wawili waliokuwa wakimfanyia kazi: Bibi Anna akamzaa baba yangu mkubwa, Bibi Ruth akamzaa baba yangu. Akafa watoto wangali wadogo. Wote wawili walikua wakitumia jina la mjomba na kuitwa machotara, na fomu ikiuliza habari za baba walichora mstari.

Baba mkubwa ana binti mmoja, dada yangu, nitamwita Stella. Anakaa Anoka, hapa hapa Minnesota. Huyo ndiye aliyechukua rangi na nywele za Mzungu, mimi nimetoka kwa mama. Utotoni mgeni akifika nyumbani lazima aulize, "Mjukuu wa Mzungu ni yupi?" na kabla hajajibiwa ameshamshika Stella kidevu. Mimi nimesimama hapo hapo na trei ya chai. Nawaambia ili mjue wivu wangu haukuanza jana.

Baba yangu alifariki miaka mitatu iliyopita. Mwaka jana, 2006, baba mkubwa akaja huku kutibiwa macho, akafikia kwa Stella. Siku moja akatuambia, "Nina miaka sabini na moja. Nataka kujua tu kama yule mtu aliwahi kunitaja."

Stella akanigeukia. "Wewe ndiye mtu wa hesabu, hayo makaratasi yako. Mimi yananitia usingizi."

Desemba nikachukua likizo ya wiki tatu, nikaenda Arusha. Siku tisa nilishinda ofisi ya ardhi na mahakamani. Hati ya shamba inasema ekari 412. Faili la mirathi linasema aliyenunua baada ya kifo cha babu alipata ekari 400. Nikamwuliza karani, "Kumi na mbili zimekwenda wapi?"

Akacheka. "Dada, huko Marekani mnalipwa kwa kuhesabu?"

Nikamwonyesha na wasia wenyewe: una ukurasa wa kwanza, wa pili, halafu wa nne. Siku ya tisa akanitafutia wa tatu. Ulikuwa umechanganyika kwenye faili la marehemu mwingine.

Nakiri kwamba siku zote hizo nilishaamua moyoni kuwa zile ekari kumi na mbili ni za Bibi Ruth. Haki ya nani, niliona kama nimeshaziona. Nikausoma nimesimama. "Kwa mwanangu," halafu jina la baba mkubwa, "mtoto wa Anna, ekari kumi na mbili na nyumba ya mawe." Mwanangu. Kaandika kwa mkono wake mwenyewe.

Bibi yangu nilimkuta mwisho wa faili, kwenye orodha ya posho za wafanyakazi: "Ruth, mpishi, na mtoto mmoja. Debe la mahindi." Huyo mtoto mmoja ndiye baba yangu. Hata jina lake halikuandikwa.

Msidhani nagombea shamba. Lilitaifishwa zamani, hakuna cha kudai.

Jumapili iliyopita tulikula kwa Stella baada ya ibada. Stella akapiga makofi. "Haya mpelelezi, toa ripoti! Babu yangu kaniachia nini?"

Babu yangu. Si babu yetu. Nakala za kurasa zote nne zilikuwa kwenye mkoba. Nikatoa tatu, nikasema, "Wasia upo, ila ukurasa wa tatu umeliwa na mchwa. Kwenye hizi hakuna mtoto aliyetajwa."

Baba mkubwa akaacha kula. Akasema, "Basi, mwanangu. Umehangaika sana. Afadhali. Mimi na mdogo wangu tumekuwa sawa mpaka mwisho." Akanawa, akaenda kukaa dirishani, ametupa mgongo.

Sitawadanganya, nilifurahi. Labda dakika moja nzima. Kisha Stella akanifuata jikoni akinitania, "Mbona umenuna hivyo? Wewe hata hufanani na huyo Mzungu. Mfiwa ni mimi!" Nikaapa hataiona karatasi hiyo.

Mume wangu ndiye pekee anayejua. Ananiambia, "Mama Neema, mpe mzee karatasi yake. Baba yako hatatajwa kwa wewe kumnyima kaka yake." Rahisi kusema. Nikiutoa ukurasa huo, Stella atataka faili zima. Ataona "mtoto mmoja". Kesho atauliza, wa Mzungu kweli, au wa mpishi na mtu mwingine? Nitamjibu kwa karatasi gani? Shahidi wangu ni mmoja tu hapa duniani, huyo mzee anayemwita baba yangu "mdogo wangu", na huyo ndiye niliyemdanganya.

Alhamisi anapanda ndege kurudi nyumbani. Jana amenipigia simu, ananiomba nakala za zile kurasa tatu azibebe. Anasema hata kama hakutajwa, sasa macho yanaona, angalau auone mwandiko wa baba yake.

Nimeshazitoa. Ziko hapa mezani kwenye bahasha: wa kwanza, wa pili na wa nne. Bahasha sijaifunga. Ndugu zangu, nyinyi mliowahi kumwonea ndugu wivu mkaja kuulizwa na Mungu, niambieni kabla ya Alhamisi: na ule wa tatu niuweke?