Beseni la Mama Mkwe

Kwa miaka mitatu mama mkwe wangu alisali amesimama nyuma ya kanisa, mtaani kwetu Dilala, nami nikidhani ni uchaji. Ukweli niliupata kwa mke wangu, kwa kunong'onezwa, maana mambo hayo hayapaswi kufika masikioni mwa mkwe. Utumbo wa mwisho ulikuwa ukimtoka kila alipojisaidia, baadaye hata alipokohoa. Akikaa anaumia, akisimama anachelea doa kwenye kikwembe.

Walimpasua katika hospitali ya kampuni ya migodi, wakaurudisha utumbo na kuushona mahali pake. Daktari akampa masharti: ale maharagwe na mapapai, anywe maji mengi, asijikamue chooni, asibebe kitu kizito tena maishani. Baada ya miezi michache akaketi. Yaani, aliketi! Kanisani kwenye benchi ya mbele, sokoni Manika kwenye kigoda chake, akicheka na wateja. Nilifurahi kimyakimya, kama inavyompasa mkwe.

Kwetu Waluba wa Kasai, mkwe hamtazami mama mkwe machoni wala hagusi nguo zake za ndani. Hata chumvi iliyo mbele yake nilimwagiza mke wangu. Nilijivunia adabu hiyo kuliko diploma yangu.

Kisha sisi wenye asili ya Kasai tukafukuzwa mkoani humo. Majirani tuliobatiza nao watoto walisimama barabarani wakiimba turudi Kasai, nchi ambayo sikuwahi kuiona. Mke wangu alikuwa na mtoto mgongoni na sufuria mikononi. Mimi cherehani kichwani. Likabaki beseni la mama: maharagwe chini, nguo zake za ndani juu.

"Mama, usibebe! Munganga alikataza," mke wangu alilia.

"Sasa nani atabeba? Buko?"

Buko, yaani mkwe, ni mimi. Ningeweza kuitupa cherehani ile pale pale. Badala yake niligeuza uso, mtu wa malezi mema, nikamsikia akiguna alipojitwika beseni.

Stesheni watu walikaa juu ya mizigo yao siku nyingi, wakingoja garimoshi. Yeye alisimama. Hakutaka kula wala kunywa, kwa kuwa choo kilikuwa majani tu, machoni pa watu. Safari hii sikuhitaji kunong'onezwa. Nilikwenda nyuma ya mabehewa mabovu nikalia kwa hasira, na hasira yote ilikuwa juu yangu mwenyewe.

Garimoshi lilipofika niliiacha cherehani chini. Nikalinyanyua beseni mbele ya ukoo mzima, nguo na vyote, nikamtazama mama machoni kwa mara ya kwanza. Nilitegemea atanikaripia. Hakunikaripia.

"Tata," akaniita, yaani baba, akasema polepole, "ungelibeba kule ku nyumba."

Tulisafiri wiki mbili. Ndani ya behewa watu walimpisha, wakamtandikia hata godoro. Aliwashukuru, akasimama.