Mukono wa usukani wenye herufi Z: siku tuliyofukuza kamio mpaka Kibati

Wakuu, heshima zenu wote humu. Mimi ni muzee, simu hii nimepewa na mujukuu wangu, basi mukiona nimekosea kuandika munivumilie. Haya yalinipata mimi mwenyewe hapa Goma, miaka ya hamsini, kabla ya uhuru. Siongezi chumvi.

Nilikuwa na miaka ishirini na miwili, fundi katika atelier moja, karakana ya vipuri vya kamio, yaani malori. Vipuri vya Ulaya vilichelewa miezi, kwa hiyo vingine tulitengeneza wenyewe. Kazi yangu ilikuwa mukono wa usukani, kile chuma kinachogeuza magurudumu ya mbele. Kikivunjika, dereva anabaki anazungusha usukani bure.

Shefu wetu alikuwa Papa Kambale, mutu wa Butembo, wa maneno machache. Ndiye aliyekataza kuandika namba kwa rangi.

"Rangi inakufa na mafuta na vumbi," alisema. "Piga kwenye chuma."

Basi kila kipande tulikipiga alama kwa nyundo na vyuma vidogo vya herufi: herufi ya fundi, halafu namba ya kundi. Upande mnene tu, maana ukipiga pale pembamba unaanzisha ufa. Herufi yangu ilikuwa Z. Kisha tunaandika kwenye daftari kipande kimefungwa kwenye kamio gani.

Hadi leo nikifunga macho naisikia ile tii, tii, tii, na harufu ya mafuta ya kuzimishia chuma chenye moto. Mikono yetu iliungua, lakini wakuu, siku zile nazitamani.

Sasa kosa langu.

Jumamosi moja tulikuwa na mechi, na mimi ndiye golikipa. Mikono mitano ya usukani ilikuwa kwenye moto, alama zimeshapigwa. Mafuta ya kuzimishia yalikuwa yamepungua, ilibidi niende stoo kuchota mengine.

Nikaona nitachelewa mechi, nikaizimisha kwa maji.

Maji yanapoza haraka mno, chuma cha aina ile kinakuwa kigumu lakini kinavunjika kama sahani. Nilijua. Nikanyamaza, nikaenda uwanjani. Tulishinda.

Wiki chache baadaye dereva mmoja akaja kwa miguu, ameshika vipande viwili. Mukono ulikatika akigeuza kamio polepole karibu na ziwa. Hakuna aliyeumia. Papa Kambale akaosha chuma kwa petroli, akasoma alama, akafungua daftari, akaniangalia.

"Z kumi na saba. Siku ile kulikuwa nini?"

Ningeweza kusema chuma chenyewe kilikuja kibaya. Hakuna aliyeniona.

"Nilizimisha na maji, Papa. Yote tano."

Hakunitukana. Aliuliza tu, "Ile mingine ine iko wapi?"

Daftari lilituambia. Mitatu ilikuwa kwenye kamio za mjini, zikasimamishwa palepale. Wa nne ulikuwa kwenye kamio ya dereva aitwaye Sebahire, na asubuhi ile alikuwa ameondoka na watu kwenda Rutshuru.

Tukaruka kwenye kamionete, gari dogo la mizigo. Njia nzima niliangalia pembeni, kwenye mawe meusi ya volkano, nikiogopa kuona kamio imelala.

Tulimukuta Sebahire pale Kibati, amesimama anapakia viazi. Juu ya magunia wamekaa mama na watoto wao.

"Mushuke wote," Papa Kambale akasema.

Sebahire akacheka. "Kamio inatembea muzuri, muzee. Munatafuta nini kwangu?"

Niliingia chini, nikapangusa grisi kwa kitambaa. Z 17. Nikaisoma kwa sauti, nikaufungua, tukafunga mwingine. Sebahire bado analalamika tunamuchelewesha. Papa Kambale akaweka ule wangu juu ya mawe mawili, akanipa nyundo.

"Piga, waone."

Nilipiga mara moja tu. Ukakatika katikati.

Sebahire akakaa chini, kwenye vumbi. Mama mmoja mwenye mutoto mgongoni akauliza, "Nani alitengeneza hii kitu?"

"Ni mimi, mama."

Akauliza tena, "Na ni wewe umetufuata?"

"Ndiyo, mama."

"Basi aksanti. Lakini usirudilie."

Papa Kambale alimwambia patron, mwenye atelier, ukweli wote, akaongeza kwamba nikifukuzwa, naye anaondoka. Nilibaki. Lakini niliona haya, maana atelier nzima sasa iliijua Z. Nikamuomba Papa Kambale anibadilishie herufi.

"Hapana," akasema. "Iko yako. Fanya kazi mpaka watu waiamini tena."

Ilichukua zaidi ya mwaka. Siku Sebahire mwenyewe alipokuja kutafuta kipuri, akasema anataka chenye Z, niliingia nyuma ya stoo nikalia.

Nilichojifunza, wakuu: ukiweka alama yako kwenye kazi ambayo maisha ya watu yanaitegemea, kubali kuitwa nayo, hata siku ya aibu. Bila alama ile, tungejuaje kamio gani ya kusimamisha?

Wazee wenzangu, na ninyi ambao baba zenu walifua chuma huku kwetu, njooni musimulie. Wao alama yao ilikuwa gani?