Helikopta Iliyonitoa Fungateni

Jamani, habari hii nlikuwa nimeapa nitaingia nayo kaburini, maana ni aibu, na aibu yenyewe sikutiwa na mtu, nlijitia mwenyewe kwa mikono yangu miwili. Lakini kila nnapokaa barazani lazima atokee mmoja aisimulie na kuitia chumvi yake (juzi nmesikia ati nlikimbia uchi, wallahi uongo, nlikuwa na kikoi), basi bora niiseme mimi, mnicheke, mmalize, tuendelee na maisha.

Mimi ni fundi wa mafeni na mafriji, kwetu Kiembe Samaki karibu na uwanja wa ndege, nimekulia chini ya matumbo ya ndege, pengine ndiyo sababu chochote kinachoruka kinanitoa akili. Nlipomuoa Rahma, wenzangu wote walishakula fungate zao za kisasa, Bwejuu, hotelini, maua juu ya kitanda na picha za pwani. Mkwe wangu Bi Zuhura akasema hapana. Bintiye atakaa fungate kama alivyokaa yeye na mamake: siku saba ndani ya nyumba yao Mji Mkongwe, chumba cha juu kabisa, bwana harusi hatoki, bibi harusi hatoki, chakula kinaletwa mlangoni, na Bi Mwanajuma, yule somo aliyemfunda Rahma, analala chumba cha pili kuangalia mambo yanakwenda sawa. Nikakubali. Ningekataaje? Kwa Rahma hata ningeambiwa nikae siku saba ndani ya pipa ningekaa.

Na mnajua wenyewe hapa kwetu. Bwana harusi akionekana nje kabla ya siku zake, watu hawaulizi kafuata nini. Wanainua macho kuangalia dirisha la bibi harusi. Wanasema kaona kasoro, na neno hilo likishatoka halirudi, mtoto wa watu atazeeka nalo. Mama alinionya, akanirudilia tena usiku wa harusi, nami nikaitika "naam, naam," kumbe akili yangu iko kwenye boksi.

Boksi lenyewe aliniletea kaka yangu anayeishi Maskati. Helikopta ya rimoti, lakini si ile ya watoto unayonunua ishaungwa, hii inakuja vipande vipande: mapangaboi ya juu, lile dogo la mkiani, mota, betri, vijiwaya, na skrubu ndogo kama chawa, kisha unapewa kitabu cha michoro na kuombewa dua. Nlikuwa nimefika nusu harusi ikanikuta. Mtu mwenye akili angeliacha boksi kwao. Mimi nikasema moyoni, siku saba ndani, nitapata nafasi, nikalilaza chini ya sanduku langu na juu nikalifunika kwa kanzu. Mambo yote yaliyofuata yameanzia hapo.

Siku ya pili Rahma akawa anatafuta mafuta ya uzuri akafukua sanduku, akalitoa boksi, akalifungua. Nikajua leo ndio leo. Ndoa haijatimiza hata siku tatu na mke keshagundua kaolewa na mtoto. Akaigeuza helikopta huku na huku, akakunja uso, kisha akasema, "Hii skrubu mbona umeitia kichwa chini?"

Jamani! Rahma ni fundi cherehani, vidole vyake vinaona kuliko macho yangu, alichukua bisibisi akafungua, akafunga, kazi yangu ya wiki mbili akairekebisha kabla chai haijapoa. Basi tukatandika mkeka, tukaunga pamoja. Ndoa yetu aliifunga sheikh, sawa, lakini kujuana tulijuana pale, wawili tumeinama kutafuta skrubu iliyodondoka. Bi Mwanajuma akigonga kuleta sinia, sisi mbio, tunaisukuma yote chini ya kitanda. Mara moja akaingia akanusa gundi, akauliza, "Harufu gani hii?" Nikamwambia udi mpya wa Maskati. Akanitazama sana yule bibi, akatoka.

Alasiri ya siku ya nne ikakamilika. Nzuri, mashaallah, nyekundu, imekaa juu ya miguu yake ungesema inatungoja sisi tu. Nje ya chumba kile kuna kijiroshani cha kuanikia nguo, ukiinama unaona kichochoro chote. Chini wanawake wanasukuma chapati, Bi Mwanajuma yuko kwenye msala wake anavuta tasbihi. Nikamwambia Rahma, tuipandishe kidogo tu, magotini, tuone.

"Ifunge kamba," akasema Rahma.

"Kamba ya nini? Mimi fundi."

(Naomba kila fundi anayesikia aiweke kauli hii akilini.) Nikawasha. Mapangaboi yakanguruma, nguo zote za kambani zikaanza kurukaruka, helikopta ikanyanyuka ikasimama hewani magotini pangu imetulia kabisa, Rahma akapiga makofi, nami kwa kutaka kumfurahisha mke nikasukuma kidole kidogo zaidi. Ikapanda kifuani. Ikapanda kichwani. Kisha mkia ukaanza kuzunguka (waya wa mkiani nlikuwa nimeuchomeka kinyume, nimekuja kuligundua hilo baadaye), nikababaika, nikivuta huku yenyewe inakwenda kule, ikaruka ukuta kama mbuzi aliyekata kamba. Tukainama. Ikaangukia juu ya mkokoteni uliojaa magunia, na hamali mwenye mkokoteni wake, vidude vya muziki masikioni, hana habari, anausukuma kuelekea Darajani.

Rahma akasema, "Khamis, usi—"

Sikumngoja amalize. Nikamtupia rimoti, nikashuka ngazi.

Nlikuwa miguu chini, kikoi, na fulana ya ndani. Nikampita Bi Mwanajuma kwenye msala wake. Nikampita mkwe wangu, mikono imejaa unga, kinywa wazi, nikamwambia, "Shikamoo mama!" (adabu nilizobaki nazo zote zilikuwa hizo) nami niko mlangoni, niko nje, niko kichochoroni nakimbia. Kila baraza nnayopita wananiita, maana maandamano ya harusi yangu yalipita njia hiyo hiyo juzi tu, "Bwana harusi! Vipi, kwema?" Nami nikipunga mkono tu, pumzi ya kujibu sina. Nlimuona kijana mmoja kainua simu ananipiga video. Sikujali. Macho yangu yako kwenye kile chekundu juu ya magunia.

Nlimpata hamali Darajani, karibu na wauza vitunguu. Helikopta imevunjika mguu mmoja, mengine yote salama. Wallahi niliibusu. Nikainua kichwa, nikaona soko zima linanitazama, mwanamme mzima, hina ya harusi bado mbichi vidoleni, kakumbatia kitu cha kuchezea. Aibu ikanishika hapo hapo. Nikamuomba muuza vitunguu polo tupu, gunia lake moja, nifiche kitu changu. Akanipa bure, akaniwekea mkono begani, akasema, "Pole sana, bwana harusi. Ndiyo dunia."

Nikashangaa pole ya nini. Njiani narudi taratibu, nimejaa furaha, na kila baraza nnayokaribia mazungumzo yanakatika. Mzee mmoja akaniambia, "Subira, mwanangu, kila kitu kwa Mungu." Nikamwambia ahsante.

Nlipokata kona nikaona mlango wa wakwe zangu umejaa watu. Teksi ikasimama, akashuka mama yangu mzazi, kajitupia kanga ya nyumbani, anatoka Kiembe Samaki analia njia nzima. Nikamkimbilia.

"Mama, nani kafa?"

"Umeniua mimi!" akasema, akanisukumia simu usoni. Nikajiona. Nakimbia. Ile video ilikwisha kurushwa kwenye kundi la harusi, watu wote walioniandikia Mungu awajaalie heri na baraka wameiona, na chini yake mtu kaandika, "Bwana harusi kamkimbia mke."

Hapo ndipo nilipoelewa.

Mzee Haji, babake Rahma, alikuwa amekaa barazani, kofia kaishika mkononi. Mtu mpole yule, sijapata kumsikia akipaza sauti, na siku ile pia hakuipaza. Akasema, "Khamis, mimi binti yangu nimekupa kwa mikono miwili. Kama una neno naye, liseme hapa, nilisikie kwako kabla sijalisikia mitaani."

Na mimi, Mungu anisamehe, nimesimama na polo langu mgongoni nikipima uongo. Niseme tumbo liliniuma nikakimbilia dukani kwa dawa? Niseme nimeitwa kuna ajali? Chochote, mradi nisilifungue lile polo mbele ya mkwe wangu na mtaa mzima. Kumbe kila nnavyokaa kimya ndivyo watu wanavyozidi kuinua macho, mmoja baada ya mmoja, kulitazama dirisha la juu. Nami nikainua. Moshi wa ubani unatoka dirishani, na sauti ya Bi Mwanajuma inasoma.

"Anasomewa nani?" nikauliza.

Bi Zuhura akaangua kilio pale mlangoni. "Mwanangu kaingiwa na wazimu! Kila tukimuuliza mumeo kenda wapi, anasema kafuata helikopta! Helikopta, Khamis! Kashika rimoti ya TV anatuonesha!"

Basi nikalishusha polo. Nikaitoa mbele ya watu wote, na maganda ya vitunguu yakiwa yamenasa kwenye mapangaboi.

"Rahma kasema kweli, mama. Hii hapa. Tumeiunga pamoja, ikaruka, nikaikimbilia. Sina neno naye. Wallahi sina neno naye hata moja, mwenye kasoro ni mimi, na mnaiona."

Mzee Haji akaipokea, akaigeuza, akapuliza maganda yakaruka, akauliza polepole, "Na binti yangu?"

"Binti yako hana dosari, baba. Hili panga la mkiani kalifunga yeye, ndilo lililokaza kuliko yote."

Akaziba mdomo kwa kofia. Nikadhani analia, kumbe mabega yanacheka. Alipojikusanya akauliza, "Sasa inaruka?"

"Inaruka, baba. Ndiyo tabu yake."

Loo! Bi Zuhura akanitazama, akaitazama helikopta, akapiga vigelegele mpaka popo wa darini wakatoka, mama yangu akakaa chini barazani pale pale anacheka na machozi yanamtoka, kichochoro kizima kikaangua kicheko, nami nikasimama katikati nikichekwa na kila mtu na sijapata kufurahi hivyo maishani mwangu. Wacheke! Wanicheke mimi! Mzee Haji akamnyooshea kidole yule kijana wa simu, "Wewe uliyepiga ile, piga na hii, uitume huko huko." Akapiga. Mpaka leo ipo, mimi na helikopta yangu na fulana ya ndani, na mkwe wangu Bi Zuhura kanivuta sikio. Alhamdulillahi. Ile ya kwanza watu walishaisahau.

Kisha Bi Mwanajuma akatoa kichwa dirishani akatoa hukumu: fungate imevunjwa, siku saba zinaanza upya leo, na dude hilo litalala chini kwa Mzee Haji. (Mzee bado anasema ananihifadhia. Nimemfuma zaidi ya mara moja anazungusha mapangaboi kwa kidole.)

Nikapanda ngazi nacheka. Rahma amekaa kitandani, nywele zote zinanuka ubani, macho mekundu, rimoti bado mkononi. Yeye hakucheka.

"Mimi nlijua umefuata nini," akasema. "Nlijua tangu unashuka ngazi. Lakini nmekaa humu nasikia watu wananililia na mimi mzima. Mama yangu ananishika kichwa. Ulimpita mama, Khamis, ukapata wasaa wa kumwamkia. Ungeshindwa kumwambia nnakwenda pale, nnarudi?"

Nikamuomba radhi, nikamuomba tena, nikamwambia hata helikopta yenyewe imevunjika mguu, akaondoka akasali magharibi. Isha ilipokaribia ndipo aliposema, bila ya kunitazama, "Umevunjika mguu upi?"

"Wa kushoto."

"Nitakutengenezea."

Nilishusha pumzi mpaka Bi Mwanajuma akakohoa upande wa pili.

Tangu siku ile, nimeapa, mimi sitoki mlangoni kimya kimya. Hata nikienda dukani kununua mkate nasimama kizingitini napaza sauti mpaka nyumba ya tatu wasikie, "Rahma! Nnakwenda kununua mkate, nnarudi!" Barazani wananijibu, "Tumesikia, bwana, sote tumesikia!" Wanacheka kila siku, hawachoki. Siwajibu. Nasimama pale pale mpaka nimsikie yeye kutoka juu akisema, "Haya, uende salama," ndipo nnapoinua mguu.